Dagaa wa pakiti: anzia hesabu kwenye kilo iliyobaki

Ukisimama mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, asubuhi na kuona magunia ya dagaa yamepangwa kama ukuta, biashara inaonekana rahisi mno. Mali iko hapa, Dar es Salaam na Dodoma wanaitaka, mifuko inauzwa mjini, stika inachapwa siku hiyohiyo. Nunua, pakia, uza. Wengi wanaingia hivyo, na baada ya miezi michache wanatoka wakisema dagaa hawalipi. Wanalipa. Kinachowaangusha ni kupiga hesabu kwa kilo waliyonunua, wakati mteja analipia kilo iliyobaki baada ya mchanga, vichwa, vumbi na maji kuondoka.

Tuanze na namba, maana bila hizo mengine yote ni porojo.

Chukulia umenunua kilo 30 za dagaa wakavu kwa shilingi 9,000 kilo. Bei hiyo ni ya mfano tu. Bei ya mwaloni inaweza kubadilika kati ya alfajiri na saa nne, kwa hiyo weka ya siku yako. Hapo ni 270,000. Mpagazi na bodaboda ya mizigo hadi Nyakato au Igoma, tuseme 6,000. Jumla 276,000.

Mwenye haraka anagawa kilo 30 kwa gramu 200, anapata pakiti 150. Malighafi ya kila pakiti kwake ni 1,800. Anaongeza mfuko wa 350 na stika ya 100, anafika 2,250. Anamuuzia mwenye duka kwa 3,500 na kulala akijua ana faida ya 1,250 kwa kila pakiti.

Sasa wafuate dagaa wenyewe. Unapepeta na kuchambua: mchanga, vipande vilivyosagika, vijiti, furu wadogo waliochanganyika. Tuseme inaondoka asilimia 12, zinabaki kilo 26.4. Unatoa vichwa, inaondoka asilimia 20 nyingine, zinabaki kilo 21.1. Unawasuuza na kuwakausha upya mpaka wawe wakavu kweli, na yale maji uliyoyalipia mwaloni kwa bei ya dagaa yanaruka hewani, tuseme asilimia 8. Umebaki na kilo 19.4. Hizo ni pakiti 97. Malighafi ya kila pakiti imefika 2,845.

Endelea kuongeza. Akina mama wa kuchambua na kukata vichwa, ukiwalipa 1,500 kwa kilo iliyokwisha kukatwa vichwa (zile 21.1, kabla ya kukausha upya), ni kama 325 kwa pakiti. Mfuko 350, stika 100, gesi au mkaa 100, boksi na usafiri wa kusambaza 100. Kodi ya chumba, umeme, maji na mengine yasiyokwepeka, tuseme 300,000 kwa mwezi, ukizigawa kwa pakiti 600 ni 500. Jumla 4,320. Yule aliyeuza kwa 3,500 hakupata faida ya 1,250, alimpa mwenye duka zawadi ya 820 kwenye kila pakiti, na kadiri alivyouza zaidi ndivyo mtaji ulivyoyeyuka haraka zaidi.

Asilimia hizo si za kunakili. Mzigo ulioanikwa kwenye chanja (meza ya wavu) kutoka kwa mtu makini unaweza kupoteza nusu ya hapo. Mzigo ulioanikwa mchangani utakupotezea zaidi. Kwa hiyo kabla ya kuamua bei, kabla hata ya kuchagua jina, nunua kilo 5, zipitishe hatua zote, na pima uzito baada ya kila hatua. Rudia kwa wauzaji watatu tofauti. Ni kazi ya wiki moja, na itakuonyesha hata nani wa kununua kwake: mara nyingi dagaa wa 10,000 wanatoka rahisi kuliko wa 8,500.

Kuhusu vichwa, fikiri mara mbili. Kilo moja ya dagaa wakavu ni maelfu ya samaki, na kila kichwa kinakatwa kwa vidole. Ukiviacha na kuishia kuchambua na kuoka kidogo, kilo 30 zilezile zinaweza kukupa kilo 25 hivi, yaani pakiti 125, na gharama ya pakiti kwa mfano wetu ikashuka hadi kama 3,450. Lakini lawama kubwa dhidi ya dagaa wa Mwanza huko kwingine ni uchungu, na uchungu unakaa tumboni na kichwani. Kichwa kikivutwa vizuri, sehemu ya utumbo inatoka nacho. Kwa maoni yangu, wenye vichwa wauzwe wanakojulikana na wasio na vichwa wapelekwe mbali, wakiwa kwenye mifuko ya rangi tofauti na bei tofauti. Vichwa na chenga visitupwe, wafugaji wa kuku wananunua. Kilo 5 za vichwa kwa 2,000 zinarudisha karibu 10,000, kama shilingi mia kwa kila pakiti.

Gunia halipimwi juu

Gunia hupangwa uso. Walioko juu wanang'aa kama sarafu mpya, walioko katikati wana habari nyingine. Usinunue mpaka umeingiza mkono hadi kiwiko na kutoa kiganja kimoja kutoka kati. Kama gunia limeshonwa, sema tu kwa adabu, "Shikamoo mama, naomba unifungulie na lile la chini." Anayekataa amekujibu.

Kile kiganja kifanyie mambo manne hapohapo. Mchukue dagaa mmoja umkunje: mkavu anakatika kwa mlio, mbichi ndani anapinda. Wanuse: dagaa mzuri ana harufu ya samaki mkavu, aliyechacha ana harufu ya mafuta ya zamani inayopanda puani. Tazama rangi: fedha inayong'aa ni ya aliyekaushwa haraka kwa jua zuri, aliyenyeshewa au kukaa sana anakuwa wa kahawia au manjano. Mwisho, beba chupa ya maji ya plastiki inayoonyesha ndani, tia dagaa kidogo, funga, tikisa, iache dakika mbili. Mchanga utakaa chini na utauona kwa macho. Hii ya chupa inawaudhi baadhi ya wauzaji, lakini wakishakuzoea wanaanza kukutengea mzigo mzuri bila kuombwa.

Ukiona mende wadogo weusi au mabuu yenye manyoya, achana na gunia hilo, na achana pia na gunia lisilo na mdudu hata mmoja lakini lina harufu ya dawa. Kuna watu wanapulizia viuatilifu. Mdudu unaweza kumuua kwa joto, sumu huwezi kuitoa.

Majira nayo yana sauti kwenye bei. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo uvuvi unafuata giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti dagaa vizuri, wavuvi wanapumzika, na siku chache baadaye mwaloni unakauka. Kalenda ya mwezi iwe ukutani karibu na kalenda ya kawaida. Halafu kuna mvua: vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na masika Machi hadi Mei. Mvua haizuii uvuvi sana kama inavyozuia kuanika, kwa hiyo ndiyo miezi ya dagaa waliovunda, wa kahawia, na bado bei iko juu. Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya kujaza stoo, ukiwa na mahali pa kutunzia: mapipa ya plastiki yenye mfuniko unaobana, juu ya chaga, mbali na ukuta.

Wengine wanapenda kununua wabichi na kuanika wenyewe. Ni njia nzuri kama una eneo kando ya ziwa, kwa mfano Igombe au Kayenze, au una mtu wa kuaminika ng'ambo ya Sengerema, ambako tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 mzigo hausubiri tena kivuko. Lakini jua hesabu yake: dagaa mbichi robo tatu yake ni maji. Ili umfikishe kwenye unyevu wa asilimia 10, unahitaji kama kilo 3.6 za wabichi kupata kilo 1 ya wakavu. Chanja iwe na urefu wa mita moja kutoka ardhini, wavu wa matundu madogo, na dagaa watandazwe wembamba, wasizidi tabaka mbili. Wageuze kila saa. Jua likiwa zuri wanakauka siku hiyohiyo. Wakilala nje na kupigwa na umande, kesho yake unaanza upya na ubora umeshashuka.

Jikoni

Hapa ndipo bidhaa inapopatikana au kupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kusuuza kunatoa mchanga ulioganda kwenye magamba, ambao ungo hauwezi. Tumia maji ya bomba ya vuguvugu yenye chumvi, gramu 30 kwa lita moja, uwasuuze haraka kwenye kapu la wavu, dakika moja au mbili, kisha maji safi mara moja. Usiwaloweke. Dagaa mkavu ni sifongo. Ukimuacha dakika kumi amekunywa maji ambayo utayatoa kwa gesi yako. Na usisuuze mzigo ambao huna uhakika wa kuukausha siku hiyohiyo. Dagaa waliosuuzwa saa nane mchana wakakutwa na wingu, asubuhi wananuka uchachu, na hakuna kiungo kinachoficha harufu hiyo. Msimu wa mvua, bila kaushio au oveni, ni bora upepete tu na uuze kama daraja la pili kuliko kusuuza kwa kubahatisha.

Baada ya jua, wapitishe kwenye oveni au sufuria pana ya moto mdogo, nyuzi 100 hadi 120, dakika 20 hadi 30, ukigeuza. Kazi ya hatua hii ni tatu kwa mpigo: inamaliza unyevu wa mwisho, inaua mayai ya wadudu (joto la nyuzi 60 likishika ndani ya dagaa wote kwa saa nzima linatosha, kwa hiyo moto huu unatosha zaidi ukifika kila kona), na inaleta harufu nzuri. Kosa la kawaida ni moto mkubwa. Mikia inaungua kabla ya mwili kukauka, na uchungu uliouondoa kwa kukata vichwa unaurudisha kwa mkia ulioungua.

Kisha waache wapoe kabisa kwenye trei kabla ya kupakia. Ukifunga dagaa wa moto, mvuke wake unagonga plastiki, unageuka matone, na baada ya wiki mbili una ukungu mweupe ndani ya pakiti iliyofungwa vizuri kabisa. Watu wanalaumu mfuko kumbe ni haraka. Lakini usiwaache trei hadi kesho. Hewa ya ziwani ina unyevu, na dagaa waliokuwa wanakatika kwa mlio saa kumi jioni watakuwa wanapinda asubuhi. Saa moja hadi mbili, kisha mfuko. Ikishindikana, rudisha kwenye pipa lenye mfuniko.

Kuhusu dagaa wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, najua wanapendwa, na wana ujanja wa kuvutia: mafuta yanaongeza uzito badala ya kupunguza. Ila mafuta hayohayo yanachacha haraka, na pakiti moja iliyochacha inaharibu jina lote. Ianze kama bidhaa ya pili, ukishajua kutunza ile kavu.

Mfuko mwembamba wa nailoni unaoonyesha kila kitu ni wa bei nafuu na unauza vizuri siku ya kwanza. Tatizo ni kwamba mwanga na hewa ndivyo vinavyochachisha mafuta ya dagaa, na mifupa na mikia yao inatoboa plastiki nyembamba. Chukua mfuko wa tabaka zaidi ya moja, unene wa maikroni 80 kwenda juu, wenye dirisha dogo tu. Dirisha la ukubwa wa kiganja cha mtoto linamtosha mteja kuona kwamba ni dagaa kweli. Katazo la mifuko ya plastiki la Juni 1, 2019 lililenga mifuko ya kubebea. Vifungashio vya bidhaa za chakula vya kiwandani havikupigwa marufuku, lakini mfuko mwembamba usio na maelezo utakuletea maswali sokoni.

Usichapishe mifuko kwa kuanzia. Wachapishaji wanataka oda ya maelfu, na wewe bado hujui uzito gani utauza, namba yako ya usajili ni ipi, wala kama simu iliyoandikwa itabaki ileile. Mfuko wa kawaida na stika nzuri vinatosha kwa pakiti 200 za mwanzo.

Mashine ya mkono ya kubania mifuko ni ndogo na rahisi, lakini inadanganya. Mbano unaweza kuonekana safi na bado ukavuja, hasa unga wa dagaa ukiingia kwenye mdomo wa mfuko. Futa mdomo kwa kitambaa kikavu kabla ya kubana, na bana mara mbili, mistari miwili iliyoachana kidogo. Halafu chukua ndoo ya maji. Katika kila pakiti 50, toa moja, izamishe, na uibane polepole kwa viganja. Tazama pembe, ndizo zinazovuja kwanza. Uzi mwembamba wa vipovu ukitoka pembeni, mashine yako haijapata joto la kutosha, au imezidi na imeikata plastiki. Rekebisha, kisha kagua zile 50 zote. Inachosha, lakini fidia ya pakiti zilizorudishwa na duka la Dodoma inachosha zaidi.

Mizani iwe ya kidijitali yenye kuonyesha gramu moja, na mizani ya kibiashara inatakiwa ihakikiwe na Wakala wa Vipimo. Uzito ulioandikwa ni ahadi. Ukipunja ni kosa la kisheria. Lakini angalia na upande wa pili. Mfungashaji mwenye huruma anayeacha gramu 205 kila pakiti anakula pakiti mbili hadi tatu katika kila gunia letu la mfano: 97 zinakuwa 94. Lenga 202, na pima mfuko mtupu kwanza uondoe uzito wake.

Tarehe ya mwisho wa matumizi usiinakili kwenye pakiti ya mwenzako. Weka kando pakiti 20 za toleo la kwanza: 10 kabatini, 10 dirishani panapopigwa na jua kama zitakavyokaa dukani. Kila wiki mbili fungua moja ya kila upande, inuse, mkunje dagaa, ionje ikiwa imepikwa, andika. Zile za dirishani zitachacha kwanza. Tarehe yako ichukuliwe kwao, tena pungufu kidogo. Na kila pakiti iwe na namba ya toleo, hata kama ni tarehe tu na herufi moja ya gunia lililotumika. Siku malalamiko yakija, utajua ni pakiti 97 za kufuatilia, si zote.

Karatasi

Hii nitaipita haraka, maana maofisa wenyewe wanaieleza vizuri ukienda mapema. Jina la biashara linasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao, namba ya mlipakodi ni TRA na haina malipo, leseni ya biashara ni ya Jiji la Mwanza au Manispaa ya Ilemela kulingana na eneo lako lilipo. Kwa kuwa ni samaki, muone ofisa uvuvi kuhusu leseni ya mazao ya uvuvi na kibali cha kusafirisha mzigo. Wanaoshika chakula wapimwe afya.

Usajili wa jengo la chakula na alama ya ubora ni TBS, shirika la viwango, ambalo lina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza. Mtu akikuambia uende TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa, anazungumzia zamani. Mambo ya chakula yalihamia TBS Julai 2019. Pitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwanza. Kwa mjasiriamali mdogo, barua yao ya utambulisho ndiyo inayofungua mlango wa kupata alama ya TBS bila gharama kwa kipindi cha mwanzo, na mafunzo yao ya ufungashaji yana thamani kuliko watu wanavyodhani. Kosa la gharama hapa ni kukodi chumba kwanza na kuuliza baadaye. Mkaguzi anaangalia sakafu na kuta zinazosafishika, dari, wavu madirishani, sinki la kunawia, na njia ya mali: mbichi inaingia upande mmoja, safi inatokea upande mwingine bila kukutana. Chumba kimoja chenye mlango mmoja, choo kikiwa kimepakana nacho, hakirekebishiki kwa rangi.

Halafu kuna jambo ambalo wengi wanalikosa: kusajili jina la biashara hakulindi jina lililo kwenye pakiti. Hilo ni alama ya biashara, maombi tofauti kabisa, bidhaa za samaki zikiwa daraja la 29. Kwa Tanzania Bara ulinzi wa kwanza ni miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10. Zanzibar wana msajili wao. Fanya hivi kabla pakiti haijaanza kujulikana, maana jina zuri lina macho mengi. Msimbo wa mistari (barcode) unapatikana GS1 Tanzania, unaanza na 620. Maduka ya kawaida hawauulizi, supamaketi hawakupokei bila huo.

Nani ananunua dagaa wa pakiti Mwanza?

Karibu hakuna, na ni afadhali ulijue mapema. Mtu wa Kirumba au Buhongwa ananunua kwa kopo au kwa sado, anachagua kwa jicho lake, na bei ya kopo huwezi kuishinda. Usipigane na genge. Mnunuzi wako ni msafiri wa stendi ya Nyegezi au Nyamhongolo na uwanja wa ndege, anayetaka zawadi isiyonukisha begi. Ni mfanyakazi anayerudi saa mbili usiku asiye na muda wa kuchambua. Zaidi ya wote ni mtu aliyekulia Kanda ya Ziwa akahamia Dar, Arusha au Dodoma, na anayekasirishwa na mchanga katika dagaa wa sokoni kule. Kwa hiyo maneno ya mbele ya pakiti yawe yale anayoyatafuta: hawana mchanga, hawana vichwa, tayari kupikwa. "Ubora wa hali ya juu" kila mtu anaandika, hauliwi.

Bei sasa. Gharama yetu ilikuwa 4,320. Mwenye duka anataka abaki na kitu, kwa hiyo akiuza 6,000 mpe kwa 5,000. Unabaki na 680 kabla ya kodi ya TRA. Ukimweka wakala katikati ukampa kwa 4,500, unabaki na 180, yaani chenji. Hapo una njia tatu: kununua kwa upotevu mdogo zaidi, kupandisha hadi 6,500 na kuona nani anakimbia, au kuuza moja kwa moja kwa mteja wa mbali kwa Lipa Namba na basi. Kupunguza gramu hadi 180 huku pakiti ikionekana ileile ni njia ya nne, na wateja wa dagaa wana mkono mwepesi wa kupima kuliko mizani.

Maduka mengi yatataka mali kauli, yaani uache mzigo ulipwe ukishauzwa. Kubali, lakini kwa kipimo: pakiti 12 kwa duka, daftari lenye saini, na urudi siku ya 7 na ya 14 bila kukosa. Maduka 20 yenye pakiti 12 ni pakiti 240, zaidi ya shilingi 1,030,000 za gharama yako zimekaa kwenye rafu za watu wengine. Ukiongeza duka la 21 kabla hujakusanya, unanunua gunia linalofuata kwa mkopo. Na usihesabu mauzo ya kwanza. Pakiti ya kwanza mtu hununua kwa udadisi, au kwa kuwa mwenye duka ni shemeji yako. Namba ya kuandika kwa kalamu nyekundu ni duka lililoomba mzigo wa pili lenyewe. Kati ya maduka 20, kama 12 yamepiga simu ndani ya mwezi, ongeza magunia. Kama ni matatu, usichapishe stika mpya. Nenda ukawaulize waliokula.

Kwa mzigo wa basi, boksi moja lichukue pakiti 50, kilo 10 za dagaa. Zijazwe zikibana kabisa. Pakiti zenye nafasi zinagongana toka Mwanza hadi Dar na dagaa wanafika wakiwa chenga. Usikubali boksi liwekwe buti moja na sangara wabichi, na andika pande mbili, si juu tu, kwamba ni chakula kikavu. Kitu kimoja kinachowashangaza wapokeaji: Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa uliyoifungia huku inasinyaa ikifika pwani, kama sehemu moja ya nane. Pakiti iliyoondoka Nyegezi imevimba vizuri inafika Dar imelegea kama imetobolewa. Haijatobolewa, na uzito ni uleule. Mpigie wakala wako umweleze kabla boksi halijashuka, au ataanza kukurudishia mzigo mzima.